Mkungu au Chana? Safari ya Juzuu ya Kwanza Kwenda Rubya

Ndugu msomaji, safari nyingi huanzia katika kituo cha basi, lakini hii ninayotaka tuandamane ilianzia nyumbani kwangu Dar es Salaam, wakati wa chakula cha jioni. Mpwa wangu, kijana wa kidato cha pili, alikuwa ameweka akiba kwa muda wa miezi mitano ili anunue hadithi za picha za Kijapani ziitwazo manga. Usije ukadhani ni Manga ya Arabuni, kwao pilipili manga. Hizi ni hadithi zinazochorwa kwa wino mweusi, na huko Japani aghalabu hutoka kwanza sura moja moja katika majarida, kisha sura hizo hukusanywa katika vitabu vidogo, juzuu baada ya juzuu. Hadithi moja mashuhuri, One Piece, ilianza mwaka 1997, na mwaka 2021 ilifikisha juzuu ya 100 bila ya kufika mwisho. Baadaye juzuu hizo huunganishwa tena, tatu katika jalada moja, kikawa kitabu kinene mfano wa tofali.

"Mjomba," kijana akaniuliza, "ninunue juzuu moja moja, au ningoje zile zilizounganishwa?"

Nilimjibu upesi, kama wafanyavyo wakubwa wanapotaka kumaliza chakula chao. Nilimwambia anunue moja moja, kwani haba na haba hujaza kibaba. Lakini usiku, nilipokuwa nikizima taa, macho yangu yaliangukia kitabu kimoja katika rafu, kitabu kilichokuwa kikimngoja mwenzake kwa zaidi ya miaka thelathini. Nikaona kwamba nimemdanganya mtoto wa dada yangu.

KITABU CHA BABA

Marehemu baba yangu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Siku moja ya mshahara, mwaka 1983, alirudi nyumbani na juzuu ya kwanza ya riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, iliyotungwa na Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Fedha za kununua juzuu zote mbili hakuwa nazo, maana palikuwa na unga wa kununua, mafuta ya taa, na sare za watoto wanne. "Ya pili mwezi ujao," alimwambia mama. Mwezi uliofuata palikuwa na mgonjwa nyumbani. Ulipofika mwezi wa tatu, juzuu ya pili haikuwapo tena dukani, na ile ilikuwa miaka ambayo kitu kikiondoka dukani hujui kitarudi lini.

Baba aliisoma juzuu ya kwanza, akatusomea na sisi, akairudia tena na tena hata uzi wa jalada ukalegea. Alifariki bila ya kuujua mwisho wa kisa.

Kama hukukisoma kisa hicho, nitakudokezea kidogo. Ni habari za mume na mke wa Ukerewe, zama za kabla ya Wazungu, ambao wanapendana lakini hawajajaliwa mtoto. Wazazi wa mke wanamchukua binti yao, na mume hana budi kwenda kumwomba upya na kulipa faini ya pombe ya ndizi. Wanarudiana, wanahangaika na waganga, wanangoja. Hatimaye wanampata mwana wao, Ntulanalwo, na baadaye binti, Bulihwali. Ndani yake mna kilimo, uvuvi, uwindaji, mahari, magonjwa na matanga; maisha yote ya watu wa visiwani yamo.

Kitereza alikiandika kwa Kikerewe na kukimaliza mwaka 1945. Kwa miaka mingi hakupata mchapishaji, kwa kuwa wasomaji wa lugha ile walionekana wachache, hata akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ilikitoa mwaka 1980, kikiwa kimepigwa chapa nchini China, katika juzuu mbili. Mwandishi akaaga dunia mwaka 1981 kabla ya kukishika mkononi. Na jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba yeye na mkewe Anna hawakubaki na mtoto hata mmoja; wote walifariki wangali wadogo. Kitabu hicho ndicho alichotuachia.

Mtu huyo, aliyezaliwa mwaka 1896, hakusoma Ukerewe peke yake. Mwaka 1909 alipelekwa ng'ambo ya ziwa, kwenye seminari ya Rubya, katika wilaya ambayo leo tunaiita Muleba, akakaa huko miaka kumi. Kwa hiyo nilipopata likizo yangu, mwezi wa Julai 2021, niliifunga juzuu ya baba katika kitambaa, nikaitia katika mkoba, nikasafiri. Shabaha yangu ilikuwa kuiona Rubya, na kama Mungu angependa, kuitafuta juzuu ya pili katika nchi ambako mwandishi wake alisomeshwa.

KUVUKA ZIWA

Nilifika Mwanza kwa basi, na jioni nikapanda meli ya MV Victoria, ile iliyofanyiwa matengenezo makubwa na kurudi majini mwaka 2020. Ukitoka Mwanza, Ukerewe hubaki upande wako wa kulia, na giza likishaingia huoni ila taa za wavuvi, zimetapakaa juu ya maji kama soko la usiku. Hapo ndipo unapomfikiri mtoto wa miaka kumi na mitatu akivuka maji haya mwaka 1909 kwenda kwa watu asiowajua.

Wala huwezi kupita hapa bila ya kuikumbuka tarehe 21 Mei 1996, siku MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza ikitokea Bukoba, ikaondoka na mamia ya watu. Mama mmoja niliyeketi naye aliinamisha kichwa tulipokaribia mahali pale, akanyamaza kitambo kirefu. Sikumwuliza alimpoteza nani.

Alfajiri tulitia nanga Kemondo, watu wakashuka na mizigo yao, kisha meli ikaendelea hadi Bukoba. Jua lilipochomoza, kisiwa cha Musira kilikuwa mbele yetu, na nyuma ya mji vilisimama vilima vya majani mabichi.

SOKONI BUKOBA

Bukoba ni mji wa miguu, ndugu msomaji. Katika asubuhi moja unaweza kutoka ufukweni, ukavuka mto Kanoni, ukafika sokoni, na njiani ukawa umesalimiwa na watu kumi. Mwenyeji wangu alinikaribisha kwa kahawa ya kutafuna, yaani buni zilizochemshwa na maganda yake kisha zikakaushwa, ambazo Wahaya humtolea mgeni kabla ya neno lolote la maana. Nilitafuna mbili tatu, kisha nikaingia kazini.

Kwa siku mbili niliwapitia wauza vitabu vikuukuu. Nilikuta vitabu vya hesabu, vitabu vya sala, kamusi zisizo na majalada, lakini juzuu ya pili ya Kitereza sikuikuta. Muuzaji mmoja, alipoiona juzuu yangu, alitikisa kichwa. "Baba," alisema, "vitabu vya juzuu ni kama viatu. Mguu mmoja ukipotea, wa pili hauna mnunuzi."

Nikatoka nimevunjika moyo, nikapita penye ndizi. Wewe unayeishi katika mji mkubwa pengine umezoea kununua chana moja, ukaitia katika mfuko na kwenda zako. Mimi nami, kwa mazoea, nikamwomba mama muuzaji chana moja ya ndizi za kupika. Aliniangalia kwa huruma.

"Una watu nyumbani, baba?"

Nikamjibu kwamba ninao.

"Basi kwa nini ununue ndizi kama mgonjwa?" Akanihesabia kwa vidole: chana zote za mkungu ule, kila moja kwa bei yake, zingezidi mbali bei ya mkungu mzima. "Chana ni bei ya mwenye haraka," akaniambia.

Lakini hapo hapo kijana mwalimu, apangaye chumba kimoja karibu na uwanja wa Kaitaba, akadakiza. "Mama, mimi niko peke yangu. Mkungu wako nusu yake huivia chumbani nikala ndizi mbivu juma zima. Kwangu mimi chana ndiyo rahisi." Yule mama hakuwa na la kumjibu, akacheka tu.

Nilisimama pale nikiwa nimekumbatia mkoba wangu. Mama alikuwa na haki, na kijana naye alikuwa na haki. Mwenye watu wengi na anunue mkungu, na aliye peke yake anunue chana. Nikaliona lile swali la mpwa wangu limekuja kunipokea sokoni Bukoba.

Tofauti moja tu ilinisumbua. Anunuaye chana leo, kesho ataikuta nyingine, maana migomba ya Bukoba haikomi kuzaa. Lakini kitabu hakichipui. Kikiisha dukani, huenda kimeisha.

NJIA YA MULEBA

Siku ya tatu nilipanda gari dogo la abiria kwenda Muleba. Barabara inaelekea kusini, mara inaliona ziwa, mara inalipoteza. Unapita Kemondo, unafika Muhutwe, na mahali pote nyumba zimejificha ndani ya vibanja, migomba juu na mibuni chini yake, hata mgeni hudhani nchi haina watu. Upande wa juu huko ndiko Kamachumu, nchi alikozaliwa Laurean Rugambwa, aliyekuwa mwaka 1960 kadinali wa kwanza Mwafrika wa zama zetu. Naye pia alipita katika madarasa ya Rubya.

Nilikuwa nimekiweka kitabu mapajani. Abiria wa pembeni yangu, mzee wa makamo mwenye kofia, alikitazama sana, kisha akaniomba ruhusa akishike.

"Kitabu hiki nimekiona kwa Mwalimu," alisema. "Lakini cha kwake hakianzi kama hiki."

Moyo wangu ulipiga. Nikamwuliza ni mwalimu gani, na anakaa wapi. "Mstaafu. Anakaa hapo hapo njia ya Rubya. Huko si ndiko uendako?"

RUBYA

Kutoka Muleba mjini unaliacha ziwa nyuma yako na kuingia nchi ya Ihangiro. Rubya si mji mkubwa, lakini ina seminari iliyoanzishwa mwaka 1904, na ina hospitali inayotumikia wilaya. Nilisimama karibu na majengo ya seminari kengele ikilia, wavulana wakipita na madaftari yao. Hapo ndipo Kitereza alipojifunza Kilatini na mengineyo. Mtu angedhani kwamba kijana aliyeshibishwa elimu ya ng'ambo kwa miaka kumi angeisahau lugha ya bibi yake. Yeye alifanya kinyume: alirudi kwao, na katika utu uzima wake akayakusanya maisha yote ya Wakerewe ili yasipotee vipande vipande.

Nimelitumia neno hilo kwa makusudi. Kitereza aliogopa vipande. Aliona desturi moja inasahauliwa hapa, dawa moja inapotea pale, na akataka kuviweka vyote pahali pamoja. Na kumbe kitabu chake chenyewe kikatufikia sisi vipande viwili.

JUZUU YA PILI

Mwalimu nilimkuta amekaa mbele ya nyumba yake, akichambua maharage. Ni mtu wa karibu miaka themanini, mwenye sauti ya darasani bado. Nilipokifungua kitambaa changu hakusema neno. Aliingia ndani, akakawia, akarudi na juzuu ya pili, jalada lake limeungwa kwa gundi na karatasi ya saruji. Akaziweka mbili hizo ubavu kwa ubavu juu ya mkeka, tukazitazama kama watu wanaoangalia mapacha waliolelewa nyumba mbili.

Kisa chake kilikuwa kifupi. Alizinunua zote mbili. Mwaka 1991 alimwazima ya kwanza mwalimu mwenzake, mwenzake akahamishwa, kitabu kikahama naye. Tangu hapo watu wakija kuomba kusoma, Mwalimu huwasimulia juzuu ya kwanza kwa mdomo, jioni tatu mfululizo, kisha ndipo huwaazima ya pili.

"Nimeisimulia mara nyingi mno," alisema, "hata sijui tena ipi ya Kitereza na ipi yangu."

Aliomba aangalie kitabu changu. Alisoma kwa muda wa saa nzima, maharage yakimngoja, kisha akacheka hadi machozi yakamtoka. "Masikini Myombekere! Kumbe nilikuwa nimemwongezea mitungi miwili ya pombe ambayo wakwe zake hawakuidai."

Nilimwomba aniuzie juzuu ya pili. Akakataa kwa upole. Naye akaniomba nimwuzie ya kwanza. Nikakataa mimi. Tukabaki tumetazamana, wazee wawili tunaogombea riwaya, mkewe akatuita tukale.

Nilikaa pale siku tatu. Mchana nilisoma juzuu ya pili chini ya mwembe, na jioni Mwalimu alisoma ya kwanza kwa taa. Nilimfuata Ntulanalwo akikua na kuoa, nikamfuata dada yake Bulihwali, nikawaona Myombekere na Bugonoka wakizeeka. Nilipofunga ukurasa wa mwisho, kitu cha kwanza nilichotaka kufanya ni kumweleza baba.

Usiku huo Mwalimu alinizungumzia wapiga nanga. Huko Buhaya, alisema, zamani tendi za mashujaa ziliimbwa kwa nanga, kama vile kisa cha Rukiza na kisa cha Kachwenyanja. Mwimbaji hakulazimika kuwaimbia watu utendi mzima kila aalikwapo. Aliupima usiku, akawapima wasikilizaji, akawapa sehemu iliyowatosha. "Lakini yeye mwenyewe," Mwalimu akainua kidole, "alikuwa nao mzima kichwani. Ukimkatia mtu kipande, sharti gogo liwepo nyumbani." Mwaka 1993 alipofariki Habibu Selemani, mmoja wa wapiga nanga mashuhuri wa nchi hiyo, waliobaki walikuwa wachache mno, ni bahati njema kwamba Profesa M. M. Mulokozi, mwana wa Kagera, alikuwa amekwisha zichunguza tendi zake na kuziandikia.

Sikulala upesi. Kitabu cha baba kilikuwa na jina lake kwa kalamu ya risasi, na tarehe ya mshahara ule wa 1983. Nyumbani kwangu kingekaa rafuni, kikimngoja mwenzake asiyekuja. Hapa palikuwa na mwenzake, na palikuwa na watoto wa kijiji wanaosimuliwa mitungi isiyokuwapo. Asubuhi nilimkabidhi Mwalimu juzuu ya kwanza, nikakataa fedha. Alichukua kalamu, na chini ya jina la baba akaandika: "Imefika kwa mwenzake." Akatia tarehe, akatia sahihi, kama mtu anayepokea mzigo wa thamani bandarini.

JIBU LA MPWA WANGU

Nilirudi nyumbani mkoba ukiwa mwepesi, na moyo una wasiwasi kwa ajili ya mama. Nilipomweleza, alinyamaza. Kisha akauliza swali moja tu: "Lakini uliimaliza?"

Nikamwambia niliimaliza.

"Basi kaa unisimulie. Baba yako hakupata."

Ilituchukua jioni tatu. Mpwa wangu alikaa nasi, simu yake ikiwa imelala kifudifudi, na kila nilipotaka kupumzika aliniambia, "Endelea, mjomba." Siku ya tatu alikuwa amegundua katika simu yake kwamba riwaya hiyo imetafsiriwa kwa Kiingereza na Profesa Gabriel Ruhumbika, naye pia mtu wa Ukerewe, ikatolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2002, yote katika jalada moja. Nilifurahi, na siku moja nitamnunulia. Lakini bibi yake hasomi Kiingereza. Mkungu mzima unaweza kuwa mbele yako na bado ukahitaji mtu wa kukumenyea.

Hapo ndipo nilipompa mpwa wangu jibu ambalo lilinipasa kumpa tangu mwanzo, nami nakupa wewe pia, ndugu msomaji, hata kama nyumbani kwako hakuna asomaye manga.

Juzuu moja moja ina wema wake. Bei yake inavumilika kwa mshahara wa mwezi, inaingia mfukoni, inasomeka ndani ya daladala, na ukimwazima jirani hujamwazima hadithi nzima. Kilichounganishwa nacho kina wema wake: kwa kawaida hukugharimu pungufu ukijumlisha yote, na mwisho wa kisa hauwezi kukutoroka. Lakini ni kizito, mgongo wake ukivunjika kurasa zote hulegea, na kikipotea kimepotea chote.

Kwa hiyo, kabla ya kununua ya kwanza, uliza kama ya mwisho imekwisha tolewa, na kama ingali inapatikana. Kama hadithi ingali inaendelea, nunua moja moja, usome na wenzako wanaongoja pamoja nawe. Kama imekwisha na fedha unazo, chukua kilichounganishwa. Kama imekwisha na fedha huna, tafuta wenzako wawili au watatu, kila mmoja anunue juzuu yake mwezi huo huo, mzungushane. Wakulima wa kahawa wa Bukoba walijua zamani nguvu ya kuunganisha vikapu vidogo. Na ukiazima kitabu, andika jina la aliyekichukua.

Mpwa wangu amechagua njia ya tatu. Wako vijana watatu, na juzuu yake yeye ni ya pili. Nilimwuliza ilikuwaje akakubali kununua kitabu kisicho na mwanzo. Akanijibu kwamba mwenye mwanzo anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na jina lake ameliandika.